Sifa na Ila za Riwaya ya "Dracula"

Msomaji mpenzi, yamkini umekwisha kumjua Dracula kabla hujasoma hata mstari mmoja wa kitabu chake. Umemwona katika sinema na katika picha za magazeti: joho jeusi, meno marefu, macho mekundu. Nakuomba, kabla hatujaanza, uliweke joho hilo kando. Kitabu ninachotaka tukizungumze kilitolewa London mwezi wa Mei mwaka 1897, na mtu wa kwanza aliyekinunua hakujua Dracula ni nani. Kwake lilikuwa neno tu, lililoandikwa kwa herufi nyekundu juu ya jalada la manjano. Alilikuta tena katika kurasa za mwanzo kama jina la mteja wa ofisi ya wakili, akalisoma akapita. Huwezi kuzipima sifa za kitabu hiki, wala ila zake, usipojitia katika hali ya msomaji yule asiyejua. Maana, kama nitakavyojaribu kukuonyesha, kutojua ndiyo mali yote ya riwaya hii. Inapoitumia mali hiyo kwa haki, ni hadithi chache sana za kutisha ziwezazo kushindana nayo. Inapoitumia kwa hila, inachechemea.

Mtungaji wake, Bram Stoker, alizaliwa Dublin katika nchi ya Ayalandi mwaka 1847, akafa London mwaka 1912. Kazi iliyompa chakula haikuwa utunzi. Kwa miaka mingi alikuwa meneja wa ukumbi wa michezo wa Lyceum mjini London, akimtumikia mwigizaji mashuhuri Henry Irving. Alitazama fedha, akajibu barua, akapanga safari. Nchi ya Transylvania, ambamo hadithi inaanzia na kuishia, hakupata kuikanyaga; aliijua kwa vitabu na ramani. Bali mji wa Whitby, ulio katika pwani ya mashariki ya Uingereza, aliujua kwa miguu yake mwenyewe. Alipumzika huko mwaka 1890. Aliona makaburi yaliyo juu ya jabali kando ya kanisa, akapata habari za meli ya Kirusi, Dmitry, iliyotupwa ufukoni na dhoruba mwaka 1885, na katika maktaba ya mji akalikuta jina la Dracula ndani ya kitabu cha zamani. Meli ile aliibadilisha jina, ikawa Demeter. Nadhani si ajabu kwamba mtu aliyeishi kati ya barua na stakabadhi akaandika riwaya iliyofumwa kwa barua na stakabadhi.

Kisa chenyewe kwa ufupi ni hiki. Jonathan Harker, wakili kijana wa Kiingereza, anatumwa Transylvania kumpelekea kabaila mmoja hati za nyumba anayoinunua karibu na London. Anapokewa kwa heshima. Siku chache baadaye anatambua kwamba amekuwa mfungwa: milango imefungwa, ngomeni hamna mtumishi hata mmoja, na mwenyeji wake haonekani katika kioo. Usiku mmoja anachungulia dirishani, akamwona kabaila akishuka ukutani kichwa mbele, kama mjusi. Kabaila huyo ni maiti asiyekufa, aishiye kwa kunyonya damu ya walio hai. Anasafiri kwa meli mpaka Uingereza pamoja na masanduku 50 ya udongo wa kwao, ambamo hana budi kulala. Huko anamwandama kwanza binti aitwaye Lucy Westenra, kisha Mina, mke wa Harker. Watu sita wanaungana kumpinga: Harker na Mina, Daktari Seward, mkuu wa hospitali ya wendawazimu, Arthur, mchumba wa Lucy, Mmarekani aitwaye Quincey Morris, na profesa mzee kutoka Uholanzi, Van Helsing.

Kisa ni hicho, lakini Stoker hakusimulii hivyo. Katika kitabu chake hamna msimulizi mmoja ajuaye yote. Kuna shajara ya Harker, shajara ya Mina, barua za marafiki wawili, vipande vya magazeti, simu za haraka, kumbukumbu za nahodha wa meli, na maneno ambayo Daktari Seward huyasema ndani ya mashine ya kunasia sauti, iliyokuwa kitu kipya siku zile. Kila mmoja ana kipande chake cha habari, wala hajui kwamba mwenzake ana kipande kingine. Wewe msomaji ndiwe peke yako uliyekalia karatasi zote. Hiyo ndiyo sifa kubwa ya kitabu hiki.

Chukua mfano wa pini. Lucy ana desturi ya kutembea usingizini. Usiku mmoja, huko Whitby, Mina anaamka na kukikuta kitanda cha mwenzake kitupu. Anakimbia gizani mpaka juu ya jabali, na kwa mbali anaona kitu cheusi kimeinama juu ya Lucy aliyekaa kwenye kiti cha makaburini. Akifika, kitu kile hakipo. Anamfunika mwenzake kwa shali na kuifunga shali ile kooni kwa pini. Asubuhi anaona alama mbili ndogo nyekundu katika shingo ya Lucy, naye anahuzunika, akidhani ameichoma ngozi ya rafiki yake kwa ile pini. Anaomba radhi. Lucy anacheka na kumwambia kwamba hakusikia chochote.

Tazama, msomaji, jinsi jambo hili lilivyo dogo na jinsi linavyotisha. Hapana kelele, wala damu iliyomwagika, wala mzimu aliyetokea. Kuna wasichana wawili asubuhi, mmoja anaomba msamaha wa kosa asilolitenda na mwingine anacheka. Lakini sisi tumetoka Transylvania pamoja na Harker. Tunajua alama zile ni za nini. Tunataka kumpigia Mina kelele, na hatuwezi. Taharuki ya kweli huzaliwa hapo, pale msomaji anapokijua kile ambacho mtu ampendaye kitabuni hakijui, tena mtu huyo hana sababu yoyote ya kukijua. Mina si mjinga. Amefikiri kama ambavyo ungefikiri wewe.

Tena kutojua huku kunatokana na wema wa watu, na hapo ndipo mtungaji anaponipendeza zaidi. Mina hamwambii mtu habari za usiku ule kwa kuchelea jina jema la Lucy, maana msichana kuonekana nje na nguo za kulalia ilikuwa aibu kubwa. Lucy humficha mama yake unyonge wake kwa kuwa mama ana ugonjwa wa moyo. Mama naye humficha Lucy ugonjwa huo huo. Van Helsing anapoyazungusha maua ya kitunguu saumu katika chumba cha mgonjwa ili kumzuia adui, mama anaingia usiku, anaona harufu imezidi, anayaondoa na kufungua dirisha ili mwanawe apate hewa safi. Asubuhi anawaeleza madaktari kwa furaha jinsi alivyomsaidia mtoto wake. Hakuna mtu mbaya ndani ya nyumba ile, na Lucy anakufa kwa mapenzi ya watu wa nyumbani kama anavyokufa kwa meno ya Dracula. Hata posta ina sehemu yake. Profesa anampelekea Seward simu kumtaka alale nyumbani kwa Lucy usiku fulani. Jimbo halikuandikwa, simu inapelekwa kwingine, inafika imechelewa kwa saa 22. Usiku ule ule adui anaingia.

Lakini mfano unaonikaa moyoni kuliko yote ni bahasha ya Harker. Yeye alitoroka ngome, akaugua homa kali, akapatikana katika hospitali huko Budapest, na Mina akamfuata akaolewa naye hapo hapo kando ya kitanda. Harker anampa mkewe shajara yake aitunze, akimwomba asiifungue isipokuwa kwa haja kubwa. Mina anaifunga kwa utepe na kuitia muhuri wa lakiri kwa pete yake ya ndoa. Ni tendo zuri la uaminifu. Na kwa karibu mwezi mzima, wakati madaktari wawili mabingwa wanajiuliza damu ya Lucy inakwenda wapi, jibu limelala ndani ya utepe ule, mikononi mwa rafiki mpenzi wa mgonjwa. Mina anaufungua muhuri baada ya Lucy kufa. Stoker hakuligombeza jambo hili wala hakulieleza. Ameziacha tarehe ziseme, na msomaji mvivu wa kutazama tarehe atapita bila kuona kitu.

Sitasema mengi juu ya kumbukumbu za nahodha wa Demeter, kwa kuwa nakutaka uzisome mwenyewe usiku, nyumba ikiwa kimya. Ni kurasa chache za maneno makavu, kama yaandikwavyo na mabaharia: upepo, mahali, baharia mmoja hayupo, mwingine hayupo. Nahodha anafika Whitby maiti, amejifunga mikono kwenye usukani pamoja na msalaba. Wala usimpuuze Renfield, mwendawazimu wa hospitali ya Seward, alaye nzi na buibui. Daktari anamchunguza kwa bidii na kuandika kila afanyalo, lakini hasikii analosema. Na kumbe katika nyumba ile nzima yeye ndiye aliyejua nani yu karibu kufika.

Hapa naomba ruhusa nitoke njiani kidogo. Sisi watu wa Afrika Mashariki hatukungoja kitabu kutoka Uingereza ili tusikie habari za wanyonya damu. Bibi yangu alitukataza kutembea usiku kwa sababu ya mumiani, na wengi wa rika langu walikatazwa vivyo hivyo. Katika Nairobi ya wakati wa ukoloni watu walinong'onezana kwamba wazimamoto hukamata watu ili watoe damu yao. Mwanahistoria Luise White alizikusanya habari za namna hiyo katika kitabu alichokitoa mwaka 2000. Mumiani wa masimulizi yale hakuwa jini wa porini. Alikuja na gari, sare na vyombo vya kazi. Dracula naye, ukimtazama vizuri, hamwingilii Mwingereza kama shetani wa msituni. Anakuja na wakili, hati za nyumba na stakabadhi za mizigo. Harker anamkuta amejilaza akisoma ratiba za magari ya moshi ya Uingereza. Amejifunza Kiingereza kwa vitabu, na azma yake ni kukisema mpaka asitambulike kuwa mgeni. Hofu ya kitabu hiki ni hofu ya mtu atokaye mbali, anunuaye nyumba zetu kwa karatasi halali, kisha akachukua damu yetu. Waliokisoma kwanza walikuwa watu wa London, mji mkuu wa dola iliyokuwa mwezi uliofuata ikisherehekea miaka 60 ya utawala wa Malkia Victoria, na ambayo mwaka mmoja nyuma ilikwisha kuanza kujenga reli kutoka Mombasa kwenda bara. Wenye kuchukua nchi za watu walikuwa wakiota ndoto ya mtu anayekuja kuchukua yao. Sijui kama Stoker alilikusudia hilo, wala si lazima awe alilikusudia. Hofu huingia kitabuni hata bila idhini ya mwenye kalamu.

Turudi katika njia yetu, tuzitazame ila.

Ya kwanza ni nyepesi. Sadfa zimezidi. Nyumba aliyoinunua Dracula iko ukuta kwa ukuta na hospitali ya Seward, aliyekuwa mmoja wa wachumba watatu waliomposa Lucy kwa siku moja. Lucy ni rafiki wa Mina. Mina ni mchumba wa Harker, aliyeuza nyumba ile. Na meli ya Dracula, pamoja na pwani yote ya Uingereza, inatupwa pale pale walipokwenda Lucy na Mina kupumzika. Katika nchi ya mamilioni ya watu, adui amejikuta kati ya jamaa wa nyumba moja. Wasomaji wengi husamehe hili kwa sababu kisa kinakwenda mbio. Nami nasamehe, nikinung'unika kidogo.

Ila ya pili ni ulimi wa Van Helsing. Mtungaji ametaka tumsikie kuwa ni mgeni, akampa Kiingereza kilichovunjikavunjika. Kwa sentensi mbili tatu ni jambo la kuchekesha. Kwa hotuba ya kurasa kadhaa ni adhabu, hasa mzee anapoikusanya sheria yote ya wanyonya damu, wawezalo na wasiloliweza, na kuifundisha mara moja kama mwalimu ubaoni. Hofu haipendi kufundishwa namna hiyo.

Wako wanaomlaumu Stoker kwa habari ya damu. Lucy anatiwa damu ya wanaume wanne, mmoja baada ya mwingine, kwa muda usiotimia wiki mbili, wala hakuna aliyeuliza kama damu zao zinapatana na yake. Sisi tunajua kwamba mgonjwa angeweza kuuawa na matibabu hayo. Lakini makundi ya damu yalitangazwa na Karl Landsteiner wa Vienna mwaka 1901, miaka minne baada ya kitabu kutoka. Si haki kumwuliza mtungaji elimu ambayo haikuwapo duniani. Vivyo hivyo usimlaumu kwa kumwacha Dracula atembee mchana katika barabara za London. Mnyonya damu afaye kwa mwanga wa jua ni wa filamu ya Kijerumani ya mwaka 1922, Nosferatu, iliyotengenezwa bila idhini ya mjane wa Stoker, akaishtaki. Dracula wa kitabuni hupungukiwa na nguvu mchana; hachomwi nao.

Ila kubwa, na ambayo sioni njia ya kuitetea, ni ile iliyo katikati ya kitabu. Baada ya kifo cha Lucy, Mina anafanya lile ambalo lingefanywa tangu mwanzo. Anasoma shajara ya mumewe, anasikiliza sauti ya Seward katika mashine, anakusanya barua na magazeti, na kila kitu anakipiga taipu kwa mpangilio wa tarehe, nakala tatu tatu. Kwa mara ya kwanza vipande vyote vimekaa mahali pamoja, na watu wote wamejua. Ni saa nzuri kupita zote kitabuni. Msomaji anashusha pumzi. Adui aliyekuwa akiishi katika nafasi iliyo kati ya mtu na mtu sasa hana nafasi.

Na hapo hapo wanaume wanaamua kwamba Mina, aliyewapa ujuzi huo, asiambiwe tena jambo lolote. Yeye ni mwanamke; mambo haya yatamvunja moyo; aende akalale. Profesa amekwisha kumsifu kuwa ana akili ya mwanamume, sifa ambayo wasichana wanaosoma ukurasa huu wataipokea kwa namna yao. Basi wanaume wanakwenda kupekua nyumba ya Dracula, na Dracula anakwenda kumpekua Mina, ambaye wamemwacha peke yake katika jengo lililo jirani.

Mpaka hapo sina ugomvi. Kiburi cha wanaume wale ni kitu cha kweli, na kuadhibiwa kwake ni haki. Ugomvi wangu unaanza asubuhi. Mina anaamka amepauka, mzito, mwenye ndoto za ukungu uliopenya mlangoni. Ndani ya nyumba ile mna madaktari wawili waliomwuguza Lucy, waliouona upaukaji ule ule, waliosikia ndoto za namna hiyo, na ambao usiku uliopita walizungumza juu ya mnyonya damu na si juu ya kitu kingine. Hakuna hata mmoja anayeifikiria shingo yake. Mumewe anaandika kwamba amechoka kwa fadhaa. Siku zinapita. Mwendawazimu Renfield, kwa kumtazama mara moja, anajua; mabingwa hawajui.

Linganisha sasa na ile pini. Mina alipoilaumu pini, tulimwamini, kwa kuwa kila kitu alichokijua kilimwongoza kwenye pini. Wanaume hawa wanapoulaumu uchovu, hatuwaamini tena, kwa kuwa kila walichokijua kingewaongoza kwenye ukweli. Katika Whitby watu hawakujua. Katika hospitali ya Seward mtungaji amewakataza kujua, kwa sababu anahitaji Mina ashambuliwe, na bila ya upofu wao hawezi kushambuliwa. Unauona mkono wake ukiwafumba macho. Taharuki ikipatikana kwa njia hiyo ni taharuki ya kukopa, na msomaji mwenye kumbukumbu hudai deni lake.

Baada ya hapo kitabu hakirudi katika nguvu zake. Mina, ambaye sasa amefungamana na adui kwa damu, anatumiwa na Profesa kama kitu cha kusikilizia: analazwa usingizi wa kiinimacho alfajiri na magharibi, na kueleza sauti za maji anazozisikia Dracula akiwa ndani ya sanduku lake melini. Wazo hilo ni zuri sana, na ni Mina tena anayepiga hesabu ya mito mpaka akaijua njia aliyoishika adui. Lakini Dracula mwenyewe amekwisha kukimbia. Yule aliyetutisha kwa kuja sasa anakwenda zake, na mkimbizi hatishi. Sura za mwisho zimejaa ratiba, farasi, mashua ya moshi na theluji. Kisha, jua likizama tarehe 6 Novemba, sanduku linafunguliwa, Harker anamkata shingo kwa kisu kikubwa na Morris anamchoma moyoni kwa kisu kingine, na kabaila aliyeishi mamia ya miaka anakuwa vumbi kwa mistari michache. Msomaji anauliza: kiko wapi kigingi cha mti, ambacho tulifundishwa kwa hotuba ndefu kuwa ndiyo dawa? Lucy aliwekewa kigingi. Bwana wake ametoshewa na visu. Ukiisha kuweka sheria za mchezo, uzifuate.

Iko ila nyingine, nayo haihusu ufundi. Harker anapomwona kabaila mara ya kwanza anausoma uso wake kama anayesoma hati: pua, paji, nyusi, masikio yenye ncha. Baadaye Mina anasema wazi kwamba Dracula ni wa aina ya wahalifu, akimtaja Lombroso, Mwitalia aliyefundisha kwamba mhalifu huzaliwa mhalifu na kwamba umbo la kichwa chake humsaliti. Wagypsy ndio watumishi wa ngome. Myahudi mmoja anayetokea kwa ukurasa tu hawezi kupita bila pua yake kuchekwa na bila kutolewa fedha ndipo aseme. Wakati ule haya yaliitwa elimu. Elimu hiyo ilifika na kwetu: katika miaka ya 1930 walikuwako mjini Nairobi madaktari waliopima ubongo wa Waafrika ili waonyeshe kwamba ni pungufu. Kwa hiyo sipiti kurasa hizo kwa wepesi, wala sikuombi wewe uzipite. Nasema jambo moja tu kwa habari ya utunzi wenyewe: kurasa hizo ndizo zisizotisha hata kidogo. Mtungaji anapotuambia kwamba uovu unaonekana usoni, anaharibu hofu aliyoijenga kwa mikono yake, maana kilichotutisha makaburini ni kwamba uovu haukuonekana. Kilichoonekana ni pini.

Umebaki ukurasa mmoja, ulioandikwa na Harker miaka saba baada ya mambo hayo. Amezifungua karatasi zote, na anagundua kwamba ni shida kupata hata hati moja ya asili ndani yake. Dracula alizichoma moto zile za kwanza; kilichookoka ni nakala zilizopigwa taipu na Mina. Tarehe, saa, simu, maneno ya nahodha, vyote tulivyoviamini kwa sababu vilikuwa na sura ya ushahidi, vimepitia vidole vya mtu mmoja. Mahakama isingepokea hata ukurasa mmoja wake, na Harker analijua hilo, kwa kuwa ni wakili. Analikiri kwa utulivu. Mtungaji ambaye kwa sura tano alisahau kwamba mali yake ni kutojua, anakumbuka mwishoni, na kuirudisha mikononi mwetu. Kwa ajili ya ukurasa huo usikiache kitabu njiani, hata zile sura za ratiba na theluji zikikuchosha.